Wa Mwisho Kulia Anajulikana

Hail, Maskati
Jumamosi, baada ya alasiri

Kwa mdogo wangu Seif, Mwalimu wa walimu,

Assalaam alaykum. Mie mzima, namshukuru Mungu, mzima kila mahali isipokuwa goti la kulia, na hilo goti lina hadithi yake, utaifikia. Asya mwanangu mzima, mumewe mzima, wajukuu wazima na makelele yao. Joto la huku usiulize. Mwezi huu ukitaka maji ya baridi unafungua bomba la moto, kwa sababu la baridi linatoa chai. Wallahi si uongo. Asya kazima hita tangu wiki iliyopita, sote tunaogea bomba la moto.

Nyie je? Presha yako imeshuka au bado inapanda ngazi? Na shemegi yangu Zuwena, ule mguu wake?

Najua hapa macho yako yanababaika. Barua hii nimeiandika kwa herufi za chuoni, za kutoka kulia kwenda kushoto, kwa sababu za skuli mie sikufundishwa. Na wewe mwenye vyeti vya kujaza kabati, hizi zilikushinda toka utoto, ukawa unamsumbua maalimu mpaka mkono wake ukaota sugu. Basi usijitie aibu. Mpe Zuwena, yeye ndiye fundi.

Zuwena, shemegi yangu, ushaishika? Kaa kitako. Vaa miwani. Msomee mumeo kwa sauti, neno kwa neno, usiruke hata moja, hata akikukonyeza.

Mtasema, simu ina kazi gani? Sauti nimemtumia mumeo saba, Zuwena, saba kwa idadi. Hakufungua hata moja. Sasa nimeandika, na karatasi hii nimempa mtu anayesafiri Unguja akupe wewe mkononi. Simu mtu huizima. Nataka nimwone atavyokuzima wewe.

Sasa khabari yenyewe.

Kila Alkhamis sie wazee tunakutana Khuwair ya Kusini, kwenye kijiduka cha chai. Yuko Nassor, mnamkumbuka, yule wa kwetu aliyekuwa akiwashabikia wachukuzi wa bandarini, mpaka leo tumbo linamuuma tukilitaja lile kombe tulilowanyima. Alkhamis moja, wiki mbili zilizopita, nimefika, namwona Nassor kashika simu, meno yote nje, yaani yale manne.

"Mbarouk, njoo utazame," kaniambia. "Kuna mtu kakuibia sura yako ya ujana."

Natazama, naona picha ya timu ya Chuo cha Ualimu, mwaka ule wa kombe! Sote tupo. Wewe, Seif, katikati na mpira magotini, umevimba kama umeuzaa. Mie nimechuchumaa, wa mwisho kulia. Na chini yake majina. Nikamwambia Nassor nisomee. Kaanza: fulani bin fulani, fulani bin fulani, polepole, anaonja kila jina kama halua. Kafika mwisho.

"Wa mwisho kulia," kasema, kisha kanywa chai kwanza. "Hajulikani."

"Rudia."

"Hajulikani."

"Ndivyo ilivyoandikwa?"

"Herufi zote zipo, Mbarouk, haijapungua hata moja. Ha-ju-li-ka-ni."

Duka zima likacheka. Yule muuza chai ni Mhindi, Kiswahili kakijulia pale pale barazani kwetu, na kakijulia upande wa matusi. Kaniwekea kikombe mbele yangu kasema, "Chai ya Mzee Hajulikani, tayari." Na toka siku hiyo jina ndilo hilo. Hajulikani, sukari kiasi gani? Hajulikani, mbona umechelewa?

Nikauliza, orodha hii kaiandika mpumbavu gani? Nassor kasoma mstari wa chini kabisa: "Majina yamekusanywa na Mwalimu Seif Said, golikipa na kepteni." Na kwamba picha itakuzwa, itatiwa fremu, itatundikwa ukumbini siku ya mkutano wenu wa wanafunzi wa zamani, baada ya Idi.

Seif! Tumbo moja! Hajulikani kwa nani? Kwa mama aliyetuzaa sote? Mtoto wako wa kwanza umempa jina gani? Mbarouk! Kila siku unaita humo nyumbani, "Mbarouk, zima taa, Mbarouk, funga mlango," halafu kwenye picha hulijui? Wanasema mcheza kwao hutunzwa. Mie nimecheza kwetu, nimetunzwa kwa kufutwa.

Nimekasirika mpaka nikarudi ujana. Kesho yake Ijumaa, vijana wa hapa Hail wanacheza mpira pwani, nikateremka nao. Nassor kaja kutazama, kaja na kiti chake. Nikawaambia vijana niwekeeni penalti. Golikipa wao kijana mrefu, mkono wake mmoja unatosha kufunga dirisha. Kaniambia kwa adabu, "Ammi, polepole." Nikavua ndala moja, nyengine nikaisahau. Nikarudi nyuma hatua kumi, watu wanaapa walihesabu ishirini. Nikapiga. Mpira ukaenda kushoto, ndala ikaenda kulia. Golikipa kadaka ndala! Mpira wavuni! Goli safi, nao vijana wakanibeba juu, ingawa Nassor anasema wamenibeba kwa sababu sikuweza kusimama. Hilo ndilo goti. Daktari kasema nipumzike wiki tatu. Nikamwambia, daktari, mpigaji amepumzika toka mwaka wa kombe, zimebaki hizo wiki tatu tu?

Sasa tuje kwenye sababu zako. Asya alikupigia kukuuliza. Kanieleza ulivyosema, na mtoto wangu hajui kuongeza chumvi, hakurithi kwangu. Umesema, "Mwambie baba yako rejista ya Chuo haina mwanafunzi wa jina hilo. Tukimwandika, watu watauliza, na watasema kombe tulilichukua kwa mamluki."

Mamluki! Mie! Zuwena, soma hapo pole pole, na umtazame.

Miaka yote hii mmekuwa mkisimuliwa na yeye. Leo nasimulia mie, na yeye akae asikilize, pale pale alipo.

Mie nilikuwa mtu wa jikoni pale Chuoni. Kumenya mihogo, kuosha masufuria, yale makubwa ambayo ukiosha moja unaingia wewe mwenyewe ndani. Seif alikuwa mwanafunzi, shati jeupe, kalamu mfukoni. Sikumwonea choyo. Baba alikuwa na uwezo wa kumwachia mmoja asome, na mmoja afanye kazi, na mie nilikuwa mkubwa. Basi. Uwanja wa mpira ulikuwa nyuma ya jiko letu, na kila jioni mpira ukirushwa vibaya unaangukia kwangu. Mie naurudisha. Pekupeku, juu ya paa la jiko, juu ya bomba la moshi, unaangukia pale pale kati ya uwanja, kwenye ile nukta. Si mara moja. Kila siku.

Mwalimu wa michezo alikuwa mtu wa bara, mgeni, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Tulikuwa tukimwita Mwalimu Filimbi. Siku moja kazunguka jiko kaja kunitazama. Kanikuta na sufuria.

"Kijana, umepiga wewe?"

"Mie."

"Wewe umesoma chuo?"

Sasa nambie, Seif, mtoto wa Unguja ukiulizwa umesoma chuo, unajibu nini? Skuli ni skuli, na chuo ni chuo, cha msahafu na ubao, kwa maalimu. Nikajibu kwa fakhari.

"Nimesoma, Mwalimu. Tena nimesoma khasa."

"Umefika wapi?"

"Nimefika Yasini."

Yeye kwao chuo ni kimoja tu, hicho chenye mabweni. Mie nasema sura ya msahafu, yeye kadhani mie mwanafunzi wa zamu ya jikoni, na Yasini ni bweni langu. Katoa daftari lake, kaandika, nikamwona kwa macho yangu: Mbarouk, Yasini. Na kutoka siku hiyo kila karatasi ya timu imeandikwa Mbarouk Yasini, kama kwamba baba yetu hakuwa Said. Ndiyo maana rejista yako hainioni! Utamwona wapi Mbarouk Yasini? Hajazaliwa!

Na wewe, Mwalimu, ulikuwa wapi wakati ule? Ulikuwa umesimama nyuma yake, na glavu zako. Ulivijua vyuo vyote viwili, kile cha maalimu na hicho cha ualimu. Ulijua Mwalimu Filimbi kakosea. Ulimwambia? Ulisubiri mpaka kaondoka, ukaniinamia ukaniambia, "Kaka, nyamaza. Winga wa kulia hatuna." Basi mamluki nani, mwenye kujibu kweli alichoulizwa, au mwenye kujua na kunyamaza?

Haya. Nikapewa jezi. Viatu vilikuwa vimebaki viwili, vyote vya kushoto. Mwalimu Filimbi kasema nisubiri vyengine, nikamwambia, Mwalimu, mguu haujui kusoma, hautajua ni cha upande gani. Nikavivaa msimu mzima. Ndiyo maana mipira yangu ilikuwa inapinda! Mabeki wanaitazama inakwenda kwa jirani, inakata kona, inarudi nyumbani. Mechi ya kwanza, na walimu wa skuli za shamba, nimepiga kona ikaingia moja kwa moja, golikipa wao kaliuliza goli, "Umepita wapi?" Mechi ya pili kulikuwa na beki mmoja pande la mtu, nikampiga kanzu ya kwanza, mpira juu ya kichwa chake, nikampiga kanzu ya pili, ya tatu kakaa chini mwenyewe kasema inatosha, nnazo za Idi. Nimewahi kupiga shuti ng'ombe aliyefungwa nyuma ya goli kakata maziwa siku mbili, mwenye ng'ombe kaja Chuoni kushtaki. Kataa, Seif! Kataa kuwa ng'ombe alikuwepo!

Na baada ya kila mechi nyie mnakwenda kuoga, mie nakwenda kuosha masufuria mliyolia. Nikila ukoko. Wala sikulalamika, ukoko wa mshindi mtamu.

Basi ikaja mechi ya mwisho, na wachukuzi wa bandarini. Vifua kama milango, miguu imezoea magunia. Sie tulihitaji sare tu, sare kombe letu. Walimu wamekaa vitini, wanafunzi wa kike kwenye mabenchi ubavuni mwa goli letu, Nassor na jamaa zake upande wa pili wanapiga mabati. Wao wakatangulia. Mie nikarudisha. Kisha nikafunga la pili, kwa kiatu cha kushoto kilichokuwa mguu wa kulia, likapinda mpaka Nassor mwenyewe, siku akiwa na homa, amewahi kukiri lilikuwa goli. Mbili kwa moja. Zimebaki dakika chache.

Hapa ndipo kila mtu Unguja anajua hadithi. Mbarouk kawa na tamaa, Mbarouk karudi nyuma kujionesha, Mbarouk kapiga pasi ya kipumbavu kwa golikipa wake, wachukuzi wakasawazisha, Chuo nusura kikose kombe kwa ajili ya Mbarouk. Kila mmoja wenu amenicheka kwa hilo. Zuwena, hata wewe, siku ya harusi yako, nilipokuletea sahani ya biriani, uliniambia, "Shemegi, usiirudishe nyuma." Watu wakafa kwa kicheko. Nami nikacheka.

Sasa, Zuwena, kabla hujaendelea, mtazame mumeo. Anataka kuinuka? Anasema anakwenda msikitini? Bado mapema. Mwambie akae.

Mie huwa naongeza, mnanijua. Ile ya ng'ombe nimeongeza siku moja, maziwa yalikatika siku moja tu. Lakini hili nnaloandika sasa silitii chumvi hata punje.

Pasi yangu ilikuwa nzuri. Ilikuwa laini, inabingirika chini kwa chini, inakwenda mikononi mwa golikipa kama mtoto anayekwenda kwa mama yake. Wakati ule golikipa alikuwa akiruhusiwa kuushika. Alikuwa hana kazi ila kuinama. Hakuinama. Kwa nini? Kwa sababu Seif alikuwa hautazami mpira. Alikuwa anatazama benchi la wasichana, mkono mmoja juu, anapunga! Mpira ukampita baina ya miguu, tobo, golikipa kapigwa tobo na kaka yake, fowadi wa wachukuzi akaja akaumalizia. Mbili mbili. Uwanja mzima ulikuwa unanitazama mie, kwa sababu mie ndiye niliyekuwa mfungaji, na kila jicho lilikuwa kwangu. Hakuna aliyemwona yeye anapunga. Niliyemwona ni mie.

Filimbi ya mwisho ikalia, kombe likawa letu kwa hiyo sare. Mwalimu Filimbi katukusanya, hasira mpaka mishipa ya shingo. Kauliza, "Goli lile, kosa la nani?" Nikakutazama wewe, Seif. Ulikuwa umeinamisha kichwa, unafungua kamba za kiatu kilichokuwa kishafunguka. Ulikuwa kepteni. Ulikuwa na mitihani. Baba alikuwa amekutangaza mtaa mzima.

Nikasema, "Mie, Mwalimu. Nimepiga vibaya."

Kanijibu, "Yasini, una miguu, lakini huna kichwa."

Nikarudi jikoni. Masufuria yalikuwa yananingoja. Msimu uliofuata hawakuniita tena, na baadae nikaja huku Maskati, nikalinda ghala Rusayl mpaka ndevu zikawa nyeupe. Na kila aliponicheka mtu kwa ile pasi, huku au huko, nilimwachia acheke. Goli lako nimelibeba mie, Seif, toka sie vijana mpaka leo hatuna meno. Sikukuomba unisaidie kulibeba hata siku moja. Na wewe umeshindwa kunibebea jina langu mstari mmoja?

Hofu yako naijua. Unaogopa watauliza, huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka gani? Basi mie nakupa jawabu. Sitaki kuitwa mwanafunzi. Sitaki bweni. Wala hilo la Yasini silitaki, baba yangu alikuwa na jina. Andika hivi: Wa mwisho kulia, Mbarouk Said, muosha masufuria. Andika kubwa, kuliko la kepteni. Wakisema kombe si halali, waambie waje walichukue. Wachukuzi waliobaki hai waje na fimbo zao, mie nitakuja na goti langu, turudie mechi, tuone. Na akitokea mtu akikuuliza ushahidi kuwa yule ni mie, mwambie atazame miguu ya picha. Ni nani mwengine duniani aliyepigwa picha na kombe kavaa viatu viwili vya kushoto?

Mie cheti sina, Seif. Sina karatasi hata moja yenye kuonesha nimewahi kukaa mahali pamoja na watu waliosoma. Nna picha ile. Usinifute.

Kwa mkutano wenu nimekwisha kata tiketi. Asya kakasirika, daktari kakasirika, Nassor anakuja na mie, kasema hawezi kukosa. Nitaingia ukumbini, nitakwenda moja kwa moja kwenye fremu, na Nassor ndiye atakayenisomea, kwa sauti ile yake unayoijua. Mbele ya watu wote. Basi chagua atakachosoma.

Nisalimie shangazi yetu asiyesikia, mwambie kwa ishara kuwa bado mie mzuri. Nisalimie mkazamwana wako, nitamletea bukhuri ya kufukizia. Nisalimie jirani yenu fundi cherahani, nataka kanzu ya kuvaa siku hiyo, aache nafasi kifuani, nitakuwa nimevimba. Na msalimie somo yangu, mwanao Mbarouk, mwambie jina lake likiulizwa popote, asikubali kuitwa vyengine.

Zuwena, ahsante kwa kunisomea. Najua una suali, na mdomo wako umeshafunguka. Unataka kujua alikuwa anampungia nani. Pale benchini nyie wasichana mlikuwa wengi, na yule aliyepungiwa alikuwa na utepe wa kijani kichwani, anamenya chungwa, na alicheka. Wewe ulivaa utepe gani siku ile ushasahau, lakini mie namjua. Nimemjua toka siku ile, kwa jina lake na la baba yake. Kama alikuwa wewe, au kama alikuwa mwengine, mumeo hawezi kukwambia, maana akikwambia kakiri goli. Nitakwambia mie, siku nitakapoiona picha ukutani na jina langu chini yake.

Mpaka siku hiyo, mwenye utepe wa kijani: hajulikani.

Mie kaka yenu,
Mbarouk bin Said,
wa mwisho kulia